Fisi Maji wa Bwawa Letu

Mimi sijui kukaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa na upupu matakoni, na kweli, hata nikila chakula huwa goti moja nimeshaliinua. Nipe safari ya miguu kutoka Wambaa mpaka Mkoani, nitakwenda na nitarudi. Lakini niambie nikae nusu saa nisubiri jambo, utanikuta nimeshafagia uwanja wa watu. Naanza kwa kulisema hili kwa sababu yaliyotokea kwenye bwawa letu la samaki yalitokana na kutokaa kwangu, na aliyeyabeba ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja.

Bwawa lilikuwa la kikundi, wanawake kumi na wanne, na mimi nikiwa katibu. Tulilichimba kwa mikono yetu pembeni mwa mikoko, pale maji makubwa ya bamvua yanapofika. Tukapandisha tuta, tukatia mlango wa maji wenye wavu, kisha tukaenda kwenye vidimbwi kuvua vifaranga vya samaki wa mwatiko kwa kutanda kanga kuukuu. Viganja vyangu vilichubuka mpaka nikawa sishiki mwiko. Kwa hiyo mtu asije akaniambia samaki ni samaki tu. Ulinzi tulimpa mjomba. Alikuwa mzee, mjane, akipenda mikoko kuliko watu, na isitoshe mimi nilimpigania, maana alikuwa na doa. Ujanani aliwahi kukutwa akiinua dema la kutegea samaki la mtu mwengine. Alilipa, akaomba radhi, yakaisha. Yaliisha kwake; kwa watu hayakuisha, walikuwa wakimkumbusha kwa mzaha mpaka kwenye harusi za wanawe.

Samaki walipofika urefu wa kiganja na nusu wakaanza kupungua. Asubuhi tulikuwa tukitupa pumba za mpunga, maji yanachemka kwa samaki. Ikafika siku tunatupa pumba, wanakuja wachache, nyengine zinabaki zinaelea. Wavu mzima, tuta zima, mlango umefungwa. Kitu tulichokiona ni mikia. Mikia ya mwatiko, na magamba, kwenye kinjia kinachopita nyuma ya kibanda cha mjomba kuelekea kwenye chemchemi. Bi Mwenyekiti wetu, mwanamke mpole anayejua kunyamaza, aliuokota mkia mmoja akanionesha, kisha akakitazama kibanda. Nilimwelewa.

Nikaenda kwa mjomba siku hiyo hiyo. Hakushtuka wala hakukasirika. Akasema ni mnyama, fisi maji, baba yake alikuwa akiwaona kwenye mkono wa bahari wa upande wa pili, nao si wengi. Akasema anafuata kaa kwenye mikoko, na sasa amegundua bwawa. Ana masharubu, ana mikono yenye vidole kama vya mtu, na akishatoka kwenye maji ya chumvi lazima aende akakoge maji matamu, ndiyo maana anapita nyuma ya kibanda. Mimi nikacheka. Najua ngawa, najua komba, najua popo wetu wakubwa. Fisi Pemba sijapata kumsikia, wa nchi kavu wala wa majini. Nikamwambia, mjomba, ngawa hapigi mbizi, sema chengine.

"Kaa nami maji haya tu," akaniambia. "Yakishafika kwenye ule mzizi atatokea. Utamwona kwa macho yako."

Nilikaa. Wallahi nilikaa, kwenye gogo lake, labda dakika kumi. Mbu wakanila. Simu ikalia, nikajibu; ikalia tena, nikajibu tena. Nikakumbuka nimeacha maharage jikoni. Yeye alikuwa ametulia kama hayupo, ameukazia macho mzizi mmoja wa mkoko, na utulivu wake ule ukanizidishia kero. Nikainuka nikamwambia sina wakati wa hadithi. Nilipofika kwenye minazi nikamsikia akiniita. Akaniita tena. Nikapunga mkono bila ya kugeuka, nikenda zangu.

Kwenye mkutano wa kikundi niliyasimulia maneno yake nikimwigiza, na masharubu nikayatia kwa vidole. Walicheka mpaka wakafutana machozi. Walipomaliza kucheka, mimi ndiye niliyesema tusomeshe halbadiri.

Kwetu, mali ikiibiwa na mwizi asijulikane, kuna kisomo hicho. Hatajwi mtu kwa jina. Ubani unafukizwa, wanasomwa watu wa Badri, na aliyehusika anaachiwa Mungu anayemjua. Kuna mashehe wasiokipenda, wanasema mja asimharakishe Mola wake, na wapo waliotushauri tungoje kidogo tuangalie. Tungoje, mimi? Nilizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya ubani. Ikatangazwa siku saba kabla, kama ilivyo ada, ili aliyechukua apate nafasi ya kurudisha au kuomba radhi. Hakutokea mtu. Siku ya kisomo shehe alituuliza mara tatu kama tumehakikisha kuwa aliyechukua ni mtu, maana kitu hichi si cha mchezo. Wenzangu wakaangalia mkeka. Mimi nikajibu kwa niaba yao kuwa tumehakikisha.

Mjomba alikuja. Alivaa kanzu yake ya Idi, akakaa safu ya mbele, na kila dua ilipofika mwisho "Amin" yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Kuna waliosema pembeni kuwa mwizi huyu ana moyo wa chuma. Nisiongope: na mimi niliwaza hivyo hivyo.

Siku ya tisa akaanguka. Bi Mwenyekiti ndiye aliyemkuta juu ya tuta asubuhi, amelala ubavu, mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa. Hospitali walisema presha imempanda, wakauliza kama anakunywa dawa, na binti yake akajibu kuwa vidonge vilikwisha zamani na mzee hakumwambia mtu. Lakini nani atasikiliza habari za presha, na halbadiri imesomwa juzi? Dukani, kisimani, msikitini, neno lilikuwa moja: kimempata.

Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Nilisimama mlangoni mwa chumba, sikuingia. Aliniangalia, nikaangalia ukuta, nikampa pole binti yake, nikatoka. Uji sikumpelekea, mimi niliyelelewa mgongoni kwake baba yangu alipokuwa safarini. Nilikuwa na hasira naye kwa kumwaibisha mama kaburini. Na ndani ya hasira ile, naona aibu kulisema hili, kulikuwa na utamu. Kuona kwamba ulilolisema limekuwa kweli ni kutamu, hata likiwa limemwangusha mtu wako.

Hakuna aliyetaka kulinda bwawa baada ya hapo, walisema pahala pamekuwa pazito. Katibu nikajitwika. Wiki ya kwanza nikitupa pumba nahesabu mapovu. Wiki ya pili nikaokota mkia. Mbichi, unyevu, pale pale kwenye kinjia nyuma ya kibanda. Mwizi yuko kitandani hawezi hata kujigeuza, na samaki wanaliwa. Nilisimama na ule mkia mkononi. Sikuwa nimeona kitu bado, lakini nilishajua.

Ikanilazimu nikae. Siku ya kwanza nilikaa kwa namna yangu: nikafagia tuta, nikashona wavu, nikahamisha mawe, nikasema mnyama gani huyu asiyetokea. Siku ya pili nikatambua kuwa anayemfukuza ni mimi. Siku ya tatu niliizima simu, nikajifunga miguu kwa kanga, nikafunga fundo gumu, nikaketi kwenye gogo la mjomba na kuukazia macho ule mzizi. Mgongo uliniwasha. Mguu ulikufa ganzi. Nilisoma kila nilichokihifadhi chuo cha Kurani nikarudia tena. Adhana ya alasiri ikapita, maji yakapanda polepole, yakaugusa mzizi.

Kwanza niliona mapovu, mstari wa mapovu unaokwenda kwa haraka kwenye maji ya kahawia. Kisha kichwa, bapa, masharubu yanadondoka maji, koo jeupe. Akasimama kwenye kina kifupi, akaingiza mikono majini na kuanza kupapasa chini ya mizizi, uso ameuelekeza kwengine kabisa, kama mtu anayetafuta sabuni iliyozama kwenye ndoo. Akapata kaa, akamvunja, nikausikia mvunjiko nilipokaa. Alipomaliza akapanda juu ya tuta letu, mrefu, wa rangi ya kahawia, mkia mnene, anatembea bila ya wasiwasi kama mwenye nyumba. Akaingia bwawani. Akatoka na mwatiko amemshika kwa mikono miwili, akaanza na kichwa, akauacha mkia. Kisha akashika kinjia, akapita nyuma ya kibanda, huyo, kwenye chemchemi.

Nilifungua miguu kwa meno. Nilimkuta anajigaragaza kwenye majani kando ya maji matamu, anajikausha tumbo. Karibu naye kulikuwa na jiwe bapa limejaa mavi yake, mavi matupu ya maganda ya kaa na magamba ya samaki. Jiwe lile nimelipita mara mia nikienda kuchota maji. Nikalia kwa sauti, naye aliposikia akatokomea.

Jioni ile ile niliwaita wenzangu, na unajua waliniambiaje. Siku ya pili nikarudi na simu, nikapiga picha kwa haraka. Picha ikatoka maji na kitu cheusi. Nikaipeleka kwenye kundi la simu, wakasema hiyo ni nazi. Mmoja akaandika kuwa damu ni nzito kuliko maji. Niliwapeleka kwenye jiwe, wakaziba pua, wakasema ngawa huyo. Sikuwa na la kuwalaumu, maana vicheko vyote vile niliwafundisha mimi.

Bi Mwenyekiti alinishika mkono akanitoa kando. Kwa wema wake akasema, tumsamehe mzee, twende na shehe tuseme kwa ndimi zetu kuwa tumemwachia, kisomo kifunguke, huenda Mungu akamrudishia nguvu. Nilikubali upesi. Binti wa mjomba alikuwa ameniambia kuwa mzee anakula vijiko viwili vya uji tu kutwa, kisha anafunga mdomo, na daktari amesema likija pigo la pili halitamwacha. Niliwaza afunguliwe kwanza, maneno mengine baadaye. Papara yangu tena.

Tukaenda, shehe mbele. Mjomba alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Bi Mwenyekiti akasema yale maneno vizuri sana, kwa adabu, kwamba kikundi kimemsamehe mzee wao yote yaliyopita. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nnasamehewa nini?" aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito lakini kila mtu alifahamu. "Husamehewa mwenye kosa. Mie sikuchukua. Niacheni hivi hivi."

Shehe akajaribu kumlainisha, akamkumbusha kuwa mja hukosea. Mjomba akageuza uso ukutani. Tulitoka mmoja mmoja, na uwanjani wakasema mzee ana kiburi, anakataa mlango wa kheri. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, na nilifahamu sasa jambo linalomkalia kooni kuliko uji. Akifa vile, atazikwa mwizi. Watu watamsomea talkini ya maziko na huku wanaamini hivyo, na kila atakayepita kaburini atakuwa na kisa cha kumsimulia mwenzake, dema la ujanani na bwawa la uzeeni. Nami ndiye niliyekiandika kisa hicho.

Basi nikaanza kuwabembeleza waje wakae. Mimi, nifundishe watu kukaa. Siku ya kwanza walikuja wanane, wamechukua karanga na mtoto wa kunyonya, wakazungumza harusi mpaka maji yakajaa na yakapwa, asitokee hata kaa. Siku ya pili mvua. Maji mafu yakaingia, hayafiki kwenye mzizi, hana haja ya kuja. Nilimhesabia mjomba siku na bwawa maji. Sikulala, nikimwaga chai nikimimina, nikigombana na kuku. Kila asubuhi nilituma mtu aniulizie kama amekunywa uji. Bamvua iliporudi walikuwa wamechoka na habari zangu. Akaja Bi Mwenyekiti peke yake.

Yeye alikaa. Alikunja miguu, akaweka mikono mapajani, na akawa hayupo, mfano wa mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa natikisika, na mara mbili aliniwekea kiganja gotini bila ya kunitazama. Maji yakafika kwenye mzizi. Mapovu yakaja, mistari mitatu. Mama, na watoto wawili nyuma yake, wanapiga miluzi midogo. Akapanda tuta akaingia bwawani, akawatolea samaki mmoja wagombee, akatoka na mwengine wake. Wakapita kwenye kinjia, mmoja nyuma ya mwenziwe, na mikia miwili ya mwatiko ikabaki pale pale tulipozoea kuiokota.

Bi Mwenyekiti alisema, "Astaghfirullah." Akairudia mara nne, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Kuanzia kesho yake aliwaleta wenzetu wawili wawili, na aliyefungua mdomo alirudishwa nyumbani. Yeye wanamsikia. Kabla bamvua ile haijamalizika walikuwa wameona wote, na shehe pia ameona, amekaa kwenye gogo na kanzu yake ameikunja magotini. Wapo waliotaka kuweka mtego. Bi Mwenyekiti akasema hakuna atakayegusa kitu mpaka mzee aulizwe.

Tulikwenda kwa mjomba kumi na wanne na shehe, baada ya sala ya alasiri, na mlango tuliuacha wazi ili majirani wasikie. Safari hii shehe aliomba radhi kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma. Akafuata Bi Mwenyekiti, kisha mmoja mmoja, wengine wanalia. Kila aliyeomba mjomba alimjibu, "Nimekusamehe." Kumi na watatu niliwahesabu, ukimtoa shehe. Akaulizwa mnyama afanyweje. Akasema bwawa litandwe nyavu kuukuu upande wa kina, upande mfupi aachiwe na watoto wake, na kinjia kisizibwe. Akaomba uji.

Wenzangu walitoka nikabaki mimi na bakuli. Nilipiga magoti, nikamwambia, mjomba, mimi ndiye niliyesema tumehakikisha. Niwie radhi. Alikuwa anameza; alimeza taratibu, nikamfuta kidevu, nikangoja. Uso wake haukuwa na hasira, na ningependa ungekuwa nayo.

"Maji yale ulipoinuka," alisema, neno moja moja, "ulifika kwenye minazi tu, akatokea. Kashika samaki wetu mikononi. Nikakwita mara mbili."

"Nilisikia, mjomba."

"Nnajua ulisikia. Ulipunga mkono."

Akafungua mdomo kwa kijiko cha pili. Alikula bakuli zima siku ile, na tangu hapo anakula vizuri, mguu umeanza kupata nguvu kidogo, anakaa barazani kwa msaada wa binti yake na watu wanampa salamu zao kama zamani, na zaidi. Bwawa nalilinda mimi. Kila maji ya alasiri niko kwenye gogo, simu nimeizima, na nikitoka pale napita kwake na uji. Huniuliza kama amekuja, nami humjibu kuwa kaja, na watoto wamekua, mmoja ana kovu sikioni. Huniuliza nilikaa muda gani. Namwambia. Hutikisa kichwa kidogo, basi.

Watu wananiambia mzee ameshasahau, nisijitese. Hajasahau. Aliwapa wenzangu neno lile mbele yangu, kumi na watatu, na mimi hajanipa mpaka leo. Nakaa kitako kando ya kiti chake, nalisubiri.